Burundi na macho ya dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki za binadamu tangu 2015

Maswali haya yanarudi kila msimu: Umoja wa Mataifa ukitoa ripoti, mwandishi wa habari akikamatwa, au basi la wakimbizi wanaorejea likiondoka Kibondo, Tanzania, kuelekea mpakani. Wanaouliza ni Warundi walioko nyumbani na ughaibuni, na majirani zao wa Tanzania, Rwanda, Uganda na Kongo. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuruka hadi swali lako.

## Mwanzo wa mambo

1. Kwa nini Burundi, na kwa nini yote yanahesabiwa kuanzia 2015?

Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala, CNDD-FDD, kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea tena baada ya miaka kumi madarakani. Kesho yake watu waliingia barabarani Bujumbura. Waandamanaji walishika Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ule ambao upatanishi wake ulianza na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, ukamaliziwa na Nelson Mandela. Mkataba huo unasema rais hatazidisha vipindi viwili. Serikali ilijibu kwamba kipindi cha 2005 hakihesabiki, kwa kuwa mara ile Nkurunziza alichaguliwa na Bunge na si kwa kura ya wananchi. Mahakama ya Katiba ikakubaliana na serikali tarehe 5 Mei, lakini makamu wa rais wa mahakama hiyohiyo alikuwa amekwishakimbilia Rwanda, akisema majaji walishinikizwa.

Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua. Jaribio hilo lilizimwa ndani ya siku mbili. Katika siku hizo redio zilishambuliwa na kunyamazishwa: RPA, Isanganiro, Bonesha, Renaissance, na pia Rema iliyo karibu na chama tawala. Asiyeijua Burundi anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Huko vijijini, kwenye vilima, redio ndiyo gazeti na ndiyo baraza la kijiji, na zilipozimwa watu wengi walibaki na uvumi tu.

Nkurunziza alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa tarehe 21 Julai kwa asilimia 69.41. Tarehe 11 Desemba watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi. Usiku ule na siku iliyofuata vikosi vya usalama viliingia mitaani, na miili ikaokotwa Nyakabiga na Musaga, mitaa ya Bujumbura. Jeshi lenyewe lilitaja vifo 87. Kuanzia hapo neno Burundi halikutoka tena kwenye ajenda za Geneva, New York, Brussels na Addis Ababa.

2. Wanaoshutumiwa ni nani?

Katika ripoti za Umoja wa Mataifa wanatajwa polisi, idara ya ujasusi (SNR), baadhi ya wanajeshi, na Imbonerakure, yaani umoja wa vijana wa chama tawala. Makosa ni mauaji, kukamata watu ovyo, mateso, ukatili wa kingono, na kutoweshwa kwa watu. Ripoti hizohizo ziliandika pia uovu uliofanywa na makundi yenye silaha yaliyopinga serikali, na ni haki liandikwe.

3. Serikali za nje zikisema "zina wasiwasi", maana yake ni nini?

Ni ngazi. Ya chini kabisa huioni: balozi anaomba kuonana na waziri, mlango unafungwa, wanazungumza. Inafuata taarifa kwa vyombo vya habari, kisha azimio la baraza fulani, kisha wachunguzi, kisha kuzuia fedha, kisha vikwazo kwa watu waliotajwa kwa majina. Kila ngazi inapandwa pale ya chini yake inaposhindwa.

Anayesoma taarifa hizi ajifunze kutofautisha maneno. "Tuna wasiwasi" si sawa na "tunalaani", na "tunaitaka serikali" ni zito kuliko "tunaihimiza". Wanadiplomasia hugombania neno moja usiku kucha. Kwa mama anayemtafuta mwanawe tofauti hiyo inaweza kuonekana ya kipuuzi, na simlaumu, lakini ndiyo inayoamua kama mwaka ujao kutakuwa na mchunguzi au hakutakuwa.

## Geneva, The Hague na Arusha

4. Baraza, Ofisi, Tume, Mtaalamu Maalumu: hawa wote si wamoja?

Hapana, na kuwachanganya kunawapotezea watu muda.

Baraza la Haki za Binadamu ni serikali 47 zinazopiga kura Geneva. Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu ni watumishi wa Umoja wa Mataifa. Ofisi hiyo ilikuwa na tawi Bujumbura. Serikali ilisitisha ushirikiano nalo Oktoba 2016, na tarehe 28 Februari 2019 likafungwa moja kwa moja.

Tume ya Uchunguzi iliundwa na Baraza mwezi Septemba 2016, ikafanya kazi hadi 2021. Nafasi yake ikachukuliwa na Mtaalamu Maalumu, mtu mmoja asiyelipwa mshahara na Umoja wa Mataifa. Tangu 2022 kazi hiyo iko kwa Fortuné Gaetan Zongo wa Burkina Faso. Serikali ya Burundi haimtambui na imemkatalia kuingia nchini (tazama swali la 16).

Kuna pia zamu ambayo kila nchi duniani hukaguliwa na wenzake. Burundi imekaa kwenye kiti hicho 2008, 2013, 2018 na 2023. Hapo ndipo hata nchi rafiki huuliza maswali, kwa upole.

5. Tume ya Uchunguzi iligundua nini?

Septemba 2017, mwenyekiti wake akiwa Fatsah Ouguergouz wa Algeria, Tume ilisema ina sababu za kutosha kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendwa Burundi tangu Aprili 2015. Ilikuwa imewahoji mamia ya watu, karibu wote wakiwa nje ya nchi kwa sababu haikuruhusiwa kuingia. Ripoti zilizofuata, chini ya Doudou Diène wa Senegal, zilishikilia kwamba uovu ulikuwa unaendelea.

Tume kama hii haihukumu mtu. Inakusanya ushahidi, inahifadhi majina ya washukiwa kwa siri, na kuacha faili kwa ajili ya mahakama.

6. Burundi ilijitoa ICC (Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague). Si basi kesi imekufa?

Haikufa. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu liko kwenye tarehe tatu.

Mwendesha mashtaka wa ICC alifungua uchunguzi wa awali Aprili 2016. Tarehe 27 Oktoba 2016 Burundi iliandika barua ya kujitoa, na kwa mujibu wa Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, barua hiyo huanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja kamili. Tarehe 25 Oktoba 2017, zikiwa zimebaki siku mbili tu, majaji waliidhinisha uchunguzi kamili. Waliufanya kwa siri, na umma ukajulishwa mwezi Novemba.

Kwa hiyo Burundi imekuwa nchi ya kwanza kutoka ICC, lakini makosa yaliyotendwa kati ya tarehe 26 Aprili 2015 na 26 Oktoba 2017 bado yako mikononi mwa mahakama hiyo. Uhalifu wa namna hii hauozi kwa kupita miaka. Kujitoa hakufuti yaliyotendwa nchi ikiwa bado mwanachama.

7. Na Waafrika wenyewe walikuwa wapi?

Walikuwepo, na historia yao ni ya kujaribu na kurudi nyuma.

Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha kikosi cha watu 5,000 kilichoitwa MAPROBU, kiende Burundi kulinda raia. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa kuwa serikali ya Bujumbura haikuwa imeomba wala kukubali. Nkurunziza alisema kikosi hicho kikiingia kitapigwa vita. Mwisho wa Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa na kikosi hakikutumwa. Naamini siku ile ilifungwa njia ambayo pengine ingeokoa watu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimteua Rais Museveni kuwa msuluhishi, na Machi 2016 ikamwongeza Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Mzee Mkapa aliita vikao Arusha mara kadhaa. Serikali ya Burundi ilikataa kukaa meza moja na baadhi ya wapinzani, ikiwaita wapinduzi, na hata kikao cha mwisho cha 2018 ilikisusia. Mzee alikabidhi ripoti yake na mazungumzo yakaishia hapo.

Mlango uliofanya kazi polepole ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Asasi za kiraia zilifungua kesi kuhusu ile hukumu ya Mahakama ya Katiba. Zilishindwa ngazi ya chini, zikakata rufaa, na tarehe 25 Novemba 2021 mahakama ya rufaa ikasema hukumu iliyoruhusu kugombea mara ya tatu ilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Miaka sita baada ya tukio, mgombea mwenyewe akiwa amekwishafariki. Wengine waliona ni kejeli. Mimi naona imeandikwa, na mahakama ya nchi nyingine ya Jumuiya ikitaka kufanya vilevile italazimika kuisoma.

## Fedha na vikwazo

8. Kwa nini Umoja wa Ulaya ulikata msaada? Anayeumia si mwananchi?

Ulitumia kifungu cha 96 cha Mkataba wa Cotonou, uliokuwa mkataba wa ushirikiano kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Kifungu hicho kilitaka nchi inayopokea msaada iheshimu haki za binadamu, na isipofanya hivyo, pande mbili zikae kwanza kuzungumza. Walikaa Brussels Desemba 2015. Tarehe 14 Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasitisha fedha zinazopita moja kwa moja kwenye hazina ya serikali. Bahasha ya msaada kwa Burundi ya 2014 hadi 2020 ilikuwa na euro milioni 432, na nchi hiyo ilikuwa ikitegemea wafadhili kwa karibu nusu ya bajeti yake.

Misaada ya kibinadamu haikusitishwa. Ilipitia mashirika ya Umoja wa Mataifa na asasi. Hata hivyo mwananchi aliumia, na asiyekubali hilo hajasimama kwenye foleni ya petroli Bujumbura. Serikali ilipokosa fedha za kigeni, bidhaa zilipanda bei, kisha raia wakatakiwa kuchangia uchaguzi wa 2020, na mara nyingi Imbonerakure ndio waliopita nyumba kwa nyumba kukusanya. Mzigo uliokusudiwa viongozi ulitua mgongoni mwa wengine. Kwa hiyo mimi naona vikwazo vinavyomlenga mtu mmoja mmoja, kuzuia mali yake na safari zake, ni vya haki zaidi kuliko kukata bajeti.

9. Wanajeshi wa Burundi walikuwa Somalia wakilipwa na Ulaya. Hilo liliendaje?

Burundi ilikuwa na wanajeshi wapatao 5,400 katika kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia, na fedha za posho zao zilitoka Umoja wa Ulaya, zikipitia serikalini. Ulaya ikaona inasitisha msaada kwa mkono mmoja na kuutoa kwa mwingine. Malipo yakachelewa kwa miezi, Burundi ikatishia kuwarudisha askari wake, na mapema 2017 wakaafikiana fedha zipitie benki ya biashara. Aliyekuwa mtaroni Somalia hakuwa na sauti katika mjadala huo.

10. Vikwazo vimeondolewa. Kwa hiyo mambo yametengemaa?

Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni 2020, na Évariste Ndayishimiye akaapishwa siku kumi baadaye. Baraza la Usalama liliondoa Burundi kwenye ajenda yake Desemba 2020. Marekani iliondoa vikwazo Novemba 2021, na Umoja wa Ulaya ukafungua tena mkoba tarehe 8 Februari 2022.

Kulikuwa na mabadiliko ya kweli. Waandishi wanne wa gazeti la Iwacu waliofungwa baada ya kukamatwa Bubanza walisamehewa Desemba 2020. Germaine Rukuki, mtetezi aliyehukumiwa miaka 32, alitoka Juni 2021 baada ya adhabu yake kupunguzwa hadi mwaka mmoja.

Lakini mlango ulifunguka nusu. Agosti 2022 mwandishi Floriane Irangabiye alikamatwa akiwa ametoka Rwanda kutembelea familia, akahukumiwa miaka 10, akakaa ndani miaka miwili hadi aliposamehewa na rais. Sandra Muhoza, mwandishi mwingine, alikamatwa Aprili 2024. Jean Bigirimana wa Iwacu, aliyeondoka nyumbani tarehe 22 Julai 2016, hajaonekana hadi leo, na familia yake haijapewa hata kaburi. Kuondoa kikwazo ni uamuzi wa kisiasa wa aliyekiweka, wenye hesabu zake za usalama, biashara na ushindani wa mataifa makubwa. Si cheti cha afya.

## Kwa mtu wa kawaida

11. Nikizungumza na wachunguzi, jina langu litatoka?

Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawachapishi jina bila ridhaa yako, na unaweza kuondoa ridhaa hiyo. Lakini hatari ipo. Julai 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso ilipoijadili Burundi, ujumbe wa serikali haukurudi siku ya pili, na mwendesha mashtaka akataka mawakili wanne waliochangia ripoti ya asasi wafutwe uwakili. Watatu walifutwa, mmoja akasimamishwa. Pierre Claver Mbonimpa, mzee wa utetezi wa wafungwa, alipigwa risasi Agosti 2015 akanusurika. Novemba mwanawe akauawa.

Kwa hiyo usitume jina, picha wala sauti kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni la ndugu. Mweleze mtu mmoja unayemwamini mahali ulikohifadhi maelezo yako.

12. Ndugu yangu alichukuliwa na gari na hatujui alipo. Kuna mlango gani?

Andikeni mapema: siku, saa, mahali, rangi ya gari, namba kama ilionekana, mavazi ya waliomchukua, nani aliona. Baada ya mwaka kumbukumbu huchanganyika.

Kisha kuna milango mitatu. Wa kwanza ni Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliotoweshwa, kinachopokea taarifa kutoka kwa familia na kuiuliza serikali. Hakijali kama nchi imeridhia mkataba au la. Wa pili ni Kamati dhidi ya Mateso, kwa kuwa Burundi ilikubali mwaka 2003 malalamiko ya mtu binafsi. Hapo ni lazima uoneshe umejaribu mahakama za ndani, au kwamba kesi inazungushwa bila mwisho. Wa tatu ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki: mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua, hahitaji kumaliza mahakama za ndani, lakini ana miezi miwili tu tangu tukio au tangu alipolijua. Watu wengi wamekosa haki yao kwa sababu hawakujua miezi hiyo miwili.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ingawa nayo iko Arusha, haitakusaidia moja kwa moja. Burundi haijatoa tamko la kuruhusu mtu binafsi kufungua kesi huko.

13. Sisi wakimbizi tunaweza kurudishwa kwa lazima?

Sheria inasema hapana. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 na ule wa Afrika wa 1969 vinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini, na Tanzania imeviridhia vyote viwili.

Sisi wa Kigoma tunakumbuka Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu wakiwa wamebanana Kagunga, kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kimeingia, na MV Liemba inakwenda na kurudi kuwachukua. Mkoa huu uliwapokea, kama ulivyowapokea waliokimbia mwaka 1972, ambao zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Lakini Januari 2017 Tanzania iliacha kuwapokea Warundi kwa pamoja kama kundi. Tangu Septemba 2017 kuna mpango wa kurejea, na kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021. Mpango unaitwa wa hiari. Soko likifungwa, baiskeli zikizuiwa na mgao ukipunguzwa, hiari inabaki kwenye karatasi. Ukitaka kurudi ni haki yako na hakuna wa kukuzuia. Ukishinikizwa, omba kuonana na afisa ulinzi wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, peke yako, si ukiwa kwenye kikundi, na umweleze sababu zako binafsi za hofu.

## Maswali magumu

14. Huu si ukoloni mamboleo? Mbona hawaendi kwingine?

Ubelgiji iliitawala Burundi na kuacha majeraha, na nchi zinazotoa matamko zina marafiki wao ambao huwafumbia macho. Hoja hiyo ina ukweli, na ninaikubali. Lakini haiwafikii waliofungua kesi Arusha, kwa kuwa ni Waafrika Mashariki. Wenyeviti wa Tume walitoka Algeria na Senegal. Mtaalamu wa sasa ni wa Burkina Faso. Na kipimo kinachotumika kimo kwenye Mkataba wa Arusha na katiba ya 2005, vitabu ambavyo Warundi waliviandika kwa gharama ya vita ya zaidi ya miaka kumi.

15. Nchi inayochunguzwa inawezaje kuwa mjumbe wa Baraza la Haki za Binadamu?

Burundi ilikuwa mjumbe 2016 hadi 2018, yaani wakati Tume iliyoichunguza inaundwa, na ilichaguliwa tena kwa 2024 hadi 2026. Viti vinagawanywa kwa kanda, na kanda ya Afrika mara nyingi hupeleka majina sawa na idadi ya viti, hivyo hakuna ushindani. Ujumbe haumpi mtu kinga: mjumbe anaweza kupigiwa kura ya kuchunguzwa, kama ilivyotokea 2016.

16. Mtaalamu Maalumu hajaruhusiwa kuingia. Ripoti yake ina uzito gani?

Haina uzito wa hukumu, na asiyeona mahali kwa macho yake hukosa mengi. Kazi hufanyika kwa kuwahoji waliovuka mpaka karibuni, kulinganisha masimulizi ya watu wasiojuana, na kusoma hati za mahakama za Burundi zenyewe. Serikali hutumiwa ripoti kabla ya kuchapishwa ili ijibu. Ikinyamaza, ukimya unaandikwa hivyo.

17. Nkurunziza amefariki. ICC itamshtaki nani?

Mfu hashtakiwi. Lakini uchunguzi ulioidhinishwa 2017 haukuandikwa kwa jina la mtu mmoja. Unahusu matukio, na yeyote aliyeamuru, aliyetenda au aliyeweza kuzuia akaacha. Hati za kukamata zinaweza kutolewa kwa siri na kukaa hivyo miaka. Burundi kwa kujitoa haikuondokewa na wajibu wa kushirikiana katika uchunguzi ulioanza ikiwa bado mwanachama, na anayetafutwa akisafiri kwenda nchi mwanachama, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, nchi hiyo ina wajibu wa kumkamata. Rwanda si mwanachama.